Siku Kinamasi Kilipoposwa

Mukundwa alikuwa na ugonjwa ambao sindano haiuwezi: akiona watu wamekaa ovyo, mikono inamwasha mpaka awapange. Kanisani alipanga wanakwaya, wafupi mbele, warefu nyuma, na yule mwenye sauti ya mbuzi pembeni karibu na mlango. Msibani alipanga mabenchi kabla hajalia. Nyumbani kwake Nkungu, kuku walipopanda kulala, aliwatazama akatamani kuwahamisha wale wanene wakae upande wa ukuta.

"Siku moja utanipanga na mimi," alisema mumewe Aimable, fundi wa kujenga, ambaye maneno yake yalikuwa machache kama mvua ya Julai.

"Weye nilishakupanga," Mukundwa alimjibu. "Unafikiri ulikuja kuniomba kwa akili yako?"

Ugonjwa huo aliutoa kazini. Mukundwa alisuka mikeka ya ukangaga, yale majani marefu ya majini yanayong'aa kama nywele zilizopakwa mafuta, akaitia mistari myeusi yenye pembe, kisha akaikodisha kwenye harusi. Wala hakuna aliyekodi mikeka bila kumpata Mukundwa juu yake, kama vile hununui redio ukaacha kelele zake dukani. Siku ya kuposa alifika asubuhi, akatandika upande huu kwa wenyeji, upande ule kwa wageni, wakitazamana, na katikati akaacha njia wazi ya kumpitisha bibi arusi. Hapo msemaji wa wageni husimama kuomba binti, na msemaji wa wenyeji humjibu kwamba binti hayuko, au ameshaolewa, au wageni wamepotea njia. Wanarushiana utani hivyo, watu wakishika mbavu, mpaka mmoja aishiwe maneno na binti atolewe nje.

Mukundwa aliupenda utani huo kuliko keki. Alisimama nyuma ya pazia, binti yake mdogo Umuhire mgongoni, akiwajibu wasemaji kimoyomoyo, na mara nyingi majibu yake yalikuwa makali kuliko yao. Lakini usemaji ni kazi ya wazee wa kiume. Basi alimeza maneno yake akaenda kunyoosha vitambaa vya meza.

Hakuzaliwa na ukangaga mikononi. Alizaliwa Bukavu, ng'ambo ya mto wa mpakani, katika familia ya Wanyarwanda waliokaa kule miaka mingi, na waliporudi alikuwa msichana wa kubeba nyanya za watu kutoka mpakani hadi soko la Kamembe. Aimable alimwona pale sokoni akiwapanga wauza nyanya waliokuwa wakigombania kivuli. Akaoa. Kule Nkungu wanawake walicheka alivyoshika jembe, "kama muntu ameshika nyoka," mpaka mama mkwe wake, Nyiramahoro, alipomteremsha bondeni kwenye kinamasi cha Gakangaga, akampa mundu, akamwonyesha kukata.

Maji yalikuwa baridi. Vyura walikuwa wakibishana. Korongo wenye taji ya manyoya, wale ambao wenyeji huwaita misambi, walikuwa wakitembea taratibu kama mapadri wanaotafuta miwani. Mukundwa alisimama na maji magotini akaanza kucheka bila sababu yoyote, na mama mkwe wake akacheka kwa sababu yeye anacheka. Tangu siku hiyo akawa mtu wa Nkungu. Nyiramahoro alipofariki alimwachia sufuria mbili na kinamasi kizima, ingawa kinamasi hakikuwa chake kukigawa.

Kwa hiyo habari ilipofika kwamba Gakangaga itachimbwa mifereji, maji yatolewe, palimwe mahindi kutoka ukingo hadi ukingo, Mukundwa alikaa chini papo hapo njiani. Bila ukangaga hakuna mikeka. Bila mikeka angerudi kwenye nyanya za watu, mtoto mgongoni na kikapu kichwani. Kilichobaki ni tumaini moja: mpango ulikuwa haujapitishwa. Kwanza wangekuja wageni kuzungumza na wananchi. Mmoja ni agronome, mtaalamu wa kilimo wa sekta, ile ofisi ya serikali inayosimamia vijiji, mama mmoja anayeitwa Niyonsaba. Mwingine ni Fabien, kijana wa chuo kikuu anayefanya utafiti, wa kuuliza watu kinamasi kina thamani gani kwao.

Mkuu wa kijiji alimpigia simu.

"Maman Umuhire, kesho bageni banakuja juu ya Gakangaga. Ututandikie pale mbele ya kituo cha kahawa."

"Bageni ba namna gani?"

"Ba heshima. Utandike vizuri."

Mukundwa alijua kutandika vizuri kwa namna moja tu.

Basi Fabien alipofika, amechelewa kwa sababu gari lilikwama kwenye matope, amevaa koti la suti, nyuma yake Niyonsaba na makreti ya Fanta ya kuwashukuru watu, alikuta kilima kizima kimekaa upande mmoja kimenyamaza. Ng'ambo ya njia ya mikeka palikuwa na viti vyenye vitambaa vyeupe vinavyomngoja yeye. Alisimama. Akamgeukia Niyonsaba.

"Hapa kuna harusi?" akanong'ona.

"Kaa tu," Niyonsaba alimjibu, akikaza midomo asicheke.

Hapo ndipo Mukundwa alipoona alichofanya. Alishika kichwa. Mkutanoni watu wote hutazama mbele, na yeye amewaweka kama wakwe! Alitaka kukimbilia viti, lakini kila mtu alikuwa ameshakaa, na aliyekaa vibaya kuliko wote alikuwa Mzee Nzabonimpa.

Huyu Nzabonimpa ndiye msemaji wa harusi zote za kilimani, mdomo wake unajulikana mpaka Gihundwe. Hakuna aliyekumbuka siku alipotumwa kuposa akarudi mikono mitupu. Siku hiyo alichelewa akitafuta kofia, akakuta upande wa wenyeji umejaa, na kwa kuwa magoti yalikuwa yakimuuma, alijitupa kwenye kiti laini kando ya Fabien kama mtu aliyetoka naye mjini.

Fabien alisimama, akasalimia, akaeleza vizuri kabisa. Kisha akasoma swali lake la kwanza.

"Kwa mfano, mngepewa nini ndipo mkubali kutuachia hii Gakangaga?"

Sauti ya mama mmoja ikatoka nyuma: "Kwanza museme, juu ya nini mumechelewa?"

"Faini!" akadakia mwingine, kama waposaji waliochelewa wanavyotozwa.

Kicheko kikapasuka kama kifuniko cha sufuria. Kreti ya Fanta ikavuka njia ya mikeka kulipa faini kabla Fabien hajajua nani ameitoa. Niyonsaba ndiye aliyeisukuma kwa mguu.

Mukundwa alimwona Mzee Nzabonimpa anavyohangaika. Alishika kofia, akaiachia, akaishika tena. Maskini, alikuwa kama mchezaji aliyefungiwa ndani huku ngoma ikilia kwa jirani. Mwishowe akasimama, akakohoa kikohozi chake cha harusi.

"Benyeji, Mungu abariki hii nyumba. Tumetoka mbali. Tumepita milima, tumepita mito, viatu yetu munaiona."

Fabien akamvuta koti. "Mzee, si wewe ni wa hapa hapa?"

"Nyamaza, kijana. Ninakuposea."

Mukundwa alicheka mpaka Umuhire akaruka mgongoni, kisha akaacha kucheka. Msemaji huomba kwa ajili ya wale aliokaa nao, ndiyo desturi. Mzee amekaa na waposaji, na hajawahi kurudi mikono mitupu. Kumbe kwa ule upangaji wake wa viti, alikuwa amewapa wageni mdomo bora kuliko yote ya Nkungu ili uwaombee kinamasi chake!

"Tumesikia muko na binti huku bondeni," Mzee aliendelea, akipanua mikono. "Anaitwa Nyirakangaga. Tunamutaka. Tutamuvalisha mahindi kutoka kichwa mpaka miguu."

Upande wa wenyeji ukatazamana. Watu wakamsukuma Aimable. Aimable akasimama, akafuta jasho, akasema, "Karibuni," akakaa. Wakampigia makofi kwa huruma.

Basi Mukundwa akajikuta amesimama. Hakujua nani aliyemwinua. Labda ni yale maneno yote aliyoyameza nyuma ya pazia.

"Ei, Maman Umuhire!" Mzee akashangaa. "Siku hizi ni banamuke ndio banajibu?"

"Papa, musemaji yetu mumemubeba nyinyi. Tufanye namna gani?"

Hata mkuu wa kijiji alipiga magoti yake kwa viganja. Mzee alitabasamu kama mtu aliyepata chumvi kwenye chakula alichodhani hakina.

"Haya. Sema."

"Huyo binti tunamujua. Lakini ako na kazi nyingi hapa nyumbani. Ni yeye anatuchotea maji kiangazi, wakati visima ingine imekauka. Akiolewa, nani atachota?"

"Tutaleta bomba."

"Ile bomba ya kwanza iko wapi?" akapaza mama wa nyuma, na wenyeji wakashangilia.

"Anapokea mvua ya kilima yote kwa mikono yake," Mukundwa akaendelea, sauti ikimpanda kwa furaha, "anaituliza, anaiachilia pole pole. Bale banalima maharagi kule chini banalala usingizi bila kuogopa mafuriko."

"Tutajenga ukuta."

"Anatupa mikeka."

"Kamembe kuna ya plastiki. Iko na maua."

"Na ile uliyokalia siku ya ndoa yako, Papa, ilikuwa ya plastiki?"

Mke wa Mzee, aliyekuwa upande wa wenyeji, alijifunika uso kwa kitenge, mabega yakitikisika. Baada ya hapo hakuna aliyengoja kupewa nafasi. Mwanaume mmoja akasimama akasema yeye alibatizwa kwenye maji yale, je, akitaka kutubu tena aende wapi? Mama mmoja akasema mumewe alimsemesha mara ya kwanza pale pale akichota maji, na kila wakigombana humpeleka kuangalia mahali penyewe, ili aone aibu. "Musipobakisha hapo, mutanirudishia bwana yangu akiwa namna gani?" Fabien alikuwa ameacha kusoma maswali yake. Alikuwa akiandika tu, mbio, akicheka na kuandika.

"Na misambi!" Mukundwa alipaza sauti. "Nani alifundisha Nkungu kucheza na mikono juu? Ni mwalimu gani? Misambi ikienda, batoto batamuangalia nani?"

"Tutabaonyesha video," alisema Mzee. "Kwa telefone."

Hapo hata yeye alishindwa. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa kofia. Lakini alipoiondoa kofia usoni, uso ulikuwa mwingine.

"Maman Umuhire, umesema muzuri. Mimi nitakuuliza kitu moja tu. Ile miezi ya njaa, wakati maharagi haijaiva na mufuko ya unga imelala chini, batoto banakula ukangaga? Banakula misambi?"

Waliokuwa wakicheka wakatazama mikeka. Wapo pale waliolala na uji mwepesi juzi tu, na kila mtu alijua ni nani, na hakuna aliyewatazama. Mukundwa alijua huu si utani tena. Umuhire, aliyekuwa akiota meno, alikuwa akitafuna ukosi wa blauzi ya mama yake, na mate yake ya uvuguvugu yalikuwa yakimchuruzika Mukundwa shingoni. Akaufikiria uji wa mahindi, mzito, wenye moshi kidogo, na namna mtoto huyu anavyofumba macho kwa raha akiunywa. Hakuweza kuyachukia mahindi hata kwa ajili ya mikeka.

"Hapana, Papa," akasema. "Habakuli."

Mzee akainamisha kichwa kwa heshima, akaanza kukaa kama mtu aliyeshinda. Mukundwa akadaka desturi ya kwanza iliyomjia, kwa hofu tu, kama mtu anayeteleza anavyodaka tawi.

"Lakini mumeposa muntu hamujamuona! Binti anatolewa inje, bageni banamuangalia. Huyu wetu hawezi kupanda huku, miguu yake iko ndani ya maji. Nyinyi mushuke!"

"Kweli!" wenyeji wakaitikia, wakiwa wameshasimama.

Wakateremka wote, kilima kizima, chupa za Fanta mikononi. Fabien alikunja suruali. Niyonsaba alivua viatu akavibeba kichwani, na watoto wa shule waliokuwa wakipita njiani wakajiunga na msafara bila kuuliza. Njiani ilibidi wapite kwenye mikaratusi iliyosimama ukingoni, juu kidogo ya maji, na hapo wakapumzika kwa ajili ya magoti ya Mzee. Majani makavu yalilia chini ya miguu. Hakuna kilichoota pale, hata magugu.

Mukundwa alitazama miti, akatazama ardhi, akatazama kinamasi kilichoanza kunyauka upande ule. Kisha akakumbuka desturi nyingine. Katika kuposa, kabla ya bibi arusi, wenyeji huwatoa kwanza wasichana wengine, ili wageni waseme si huyu. Akaukumbatia mkaratusi ulio karibu.

"Bageni! Ni huyu?"

"Si huyu," Mzee akajibu upesi, kwa mazoea.

"Mumuangalie vizuri kwanza! Huyu ni dada yake mukubwa. Ako murefu, ako munyoofu. Shida yake moja tu: anakunywa! Kila siku anateremsha mizizi kwa mudogo wake, anamunyang'anya maji yote. Mumupeleke huyu, tutawashukuru mpaka mbinguni. Hapa aliposimama ni pakavu, mahindi itaota bila mufereji. Batoto bakule, na mudogo wake abakie nyumbani!"

Watu walipiga kelele za furaha, wakidhani ni utani mwingine. Lakini Niyonsaba hakucheka. Alipiga magoti, akachimbua udongo kwa vidole, akausugua, akatembea na ile mikaratusi mpaka kule ilipoishia karibu na barabara, akarudi anahema.

"Hapa patalimika," alisema. "Panatosha. Na mikaratusi ikitoka, kinamasi kitapata maji kuliko sasa. Kwa nini hakuna aliyeniambia? Hili shamba la nani?"

Ghafla kila mtu akawa na kitu cha kutazama: wingu, chupa, kucha za miguu. Mzee Nzabonimpa alivaa kofia yake polepole, akaivuta mpaka kwenye nyusi.

"La nani jamani?"

"La musemaji wenu," alisema Aimable.

Wengine walilala chini kwa kicheko. Mama aliyekuwa na Fanta aliimwaga yote. Mzee aligeuka huku na huku akitafuta upande wa kukimbilia, na pande zote mbili zilikuwa zikimcheka.

"Lakini mimi niko muposaji!" alilalamika. "Mimi si muzazi hapa!"

"Papa," Mukundwa alimwambia kwa upole kabisa, "haujawahi kurudi bila binti. Na leo unarudi na binti. Ni wako mwenyewe."

Mzee Nzabonimpa akafungua mdomo. Kilima kizima kikangoja. Akaufunga. Watu walishikana mikono kushuhudia jambo hilo, kwa maana hakuna aliyewahi kuliona.

Wakati huo huo, kule chini majini, misambi wawili walioshtushwa na kelele wakainamiana, wakarukaruka, wakatandaza mabawa yao meupe na mekundu. Msichana mmoja akainua mikono kama wao. Kisha mke wa Mzee. Kisha wote, pale kwenye majani makavu, Fabien na suruali yake iliyokunjwa, Niyonsaba na viatu kichwani, na Mukundwa na Umuhire aliyekuwa akipiga mayowe ya raha. Mzee aliwatazama kitambo. Magoti yakasahaulika. Mikono yake ilipopanda, ilipanda vizuri kuliko ya wote, na shingo ikanyooka kama ya ndege mwenyewe.

"Mukikata hiyo miti, nguzo ni zangu!" alipaza sauti akicheza. "Na mustari ya kwanza ya mahindi, ni yangu pia!"

"Ni yako, Papa!"

"Sisi tunaandika nini?" Fabien alimuuliza Niyonsaba, akihema.

"Andika kila kitu walichosema. Mpango huu nautengeneza upya: mahindi huku juu, na Gakangaga ibaki na maji yake. Siwezi kuahidi. Lakini nitautetea, na wewe utanipa haya maandishi niende nayo."

Ofisi ya sekta ilichelewa kujibu, nayo ilistahili faini, lakini ilijibu. Mpango mpya ulipita.

Siku ya kukata mikaratusi, watu walikusanyika kama kwenye harusi, na Mzee Nzabonimpa alitoa hotuba ya mzazi kwa kila mti, akiuasa uwe na adabu huko uendako. Kila mmoja ulipoanguka walipiga vigelegele. Mukundwa hakuwa nao. Alikuwa bondeni, sketi imefungwa kiunoni, anavuna ukangaga kwa ajili ya harusi ya mwisho wa mwezi, na Umuhire amelala kwenye ukingo juu ya mzigo wa kwanza, mdomo wazi, jua likimtekenya mashavu. Vigelegele viliposhuka kutoka juu, Mukundwa aliweka mundu begani, akavuta pumzi, akavijibu peke yake kutoka ndani ya maji, kwa nguvu zote, mpaka vyura wakanyamaza kumsikiliza.